Sindano, Kitambaa na Daftari: Habari za Tabibu Michael DeBakey

Hata mwishoni mwa karne ya 19, wakati matabibu wa Ulaya walipokwisha kuthubutu kulifungua tumbo la mtu na kulifunga tena, mshipa mkubwa wa damu uliokatika ulikuwa na dawa moja tu, nayo ni kuufunga kwa uzi. Na kiungo kilichoutegemea, mguu au mkono, kikaachiwa kudura: damu ikipata vijia vya pembeni kilipona, isipopata kilikufa kikakatwa. Mwaka 1894 Rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa jambia mjini Lyon, likaukata mshipa mnene uingiao katika ini. Mabingwa wa mji wakamzunguka, wala hakuna miongoni mwao aliyekuwa na njia ya kuushona mshipa ule, akafa usiku ule ule. Alikuwako mjini humo kijana aliyekuwa akisomea tiba, Alexis Carrel, ambaye hakukubali kwamba kifo kile kilikuwa cha lazima. Alikwenda kwa mwanamke fundi wa kutarizi akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba kabisa na nyuzi laini za hariri, na mwaka 1902 akaitangaza njia yake. Ncha mbili za mshipa hukutanishwa, zikashikizwa kwa nyuzi tatu zilizoachana sawasawa kuuzunguka mdomo wake. Nyuzi hizo zikivutwa, ule mdomo wa duara hugeuka pembe tatu, na kila upande wa pembe tatu ni mstari ulionyooka, ambao mkono uliozoea huushona bila ya taabu. Kwa kazi hiyo Carrel alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1912.

Ungedhani kwamba tangu siku hiyo mishipa yote ilishonwa. Haikuwa hivyo. Elimu ile ilikaa katika maabara muda wa miaka arobaini, ikifanyiwa kazi kwa mbwa na paka, kwa sababu mshono peke yake haukutosha: ilihitajiwa dawa ya kuizuia damu isigande, ilihitajiwa dawa ya kuua vijidudu vya vidonda, na ilihitajiwa njia ya kuuona mshipa ungali ndani ya mwili. Vitu hivyo vilikuja kimoja kimoja, kila kimoja kutoka nchi yake, na mtu aliyebahatika kuwa na umri na nguvu vilipokutana ndiye ninayetaka kuhadithia habari zake.

Michael DeBakey alizaliwa tarehe 7 Septemba 1908 katika mji wa Lake Charles, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa Wakristo waliohajiri kutoka Lebanoni, na jina la ukoo wao lilikuwa Dabaghi kabla ya ndimi za Wamarekani kuligeuza. Baba alikuwa na duka la dawa. Mama alikuwa fundi hodari wa kushona, akiwafundisha kazi hiyo mabinti wa mji, na mwanawe wa kiume, aliyekuwa akikaa kando yao kutazama, akaidaka fani yenyewe hata akaweza kujishonea mashati angali mtoto. Jambo hili dogo limesimuliwa mara nyingi katika habari zake kama kwamba ndilo lililomfanya kuwa mpasuaji mkubwa. Mimi sikatai kwamba vidole vyake vilifaidika, na mbele tutaona cherehani ikiingia katika tarikhi ya tiba. Walakini mafundi wa sindano wamejaa duniani, na kilichomtenga DeBakey na wenzake, kwa maoni yangu, ni daftari: tabia ya kuhesabu, ya kuandika kila mgonjwa aliyepita mikononi mwake, na ya kumfuata mgonjwa huyo miaka na miaka ili kujua amefikia wapi.

Alisoma tiba katika Chuo Kikuu cha Tulane mjini New Orleans. Angali mwanafunzi, mmoja wa walimu wake alihitaji pampu itakayosukuma maji kwa mapigo yanayofanana na mapigo ya moyo, na kijana akaenda maktaba kutafuta vitabu vya wahandisi. Pampu ya magurudumu haikuwa jambo jipya. Mpira huzungushwa ndani ya kibweta, na magurudumu mawili huuminya mfululizo, yakiisukuma mbele damu iliyomo bila ya chuma kuigusa. Ila yake ilikuwa kwamba mpira wenyewe ulitambaa, ukivutwa na magurudumu hata ukahama mahali pake. DeBakey aliutilia mpira ukingo wa kuushikilia, ukatulia, kisha akaitumia pampu hiyo katika kumtia mgonjwa damu moja kwa moja kutoka kwa mtoaji, akaandika habari zake mwaka 1934. Karibu miaka ishirini baadaye, tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alipofanikiwa kwa mara ya kwanza kumpasua mtu moyo wake hali damu ikizungushwa na mashine, pampu iliyoisukuma damu hiyo ilikuwa ya namna ile ile.

Mwalimu wake mkuu huko Tulane alikuwa Alton Ochsner, mtu mkali na mwenye kuona mbali. Mwaka 1939 wawili hao waliandika kwamba saratani ya mapafu, iliyokuwa ikiongezeka mbele ya macho yao, ilikuwa na uhusiano na uvutaji wa sigara. Wengi waliwacheka, maana katika zama hizo madaktari wenyewe walivuta sigara mikutanoni. Ochsner ndiye aliyemhimiza kijana wake avuke bahari kwenda kusoma kwa mabingwa wa Ulaya, akakaa Strasbourg kwa René Leriche na Heidelberg kwa Martin Kirschner. Leriche alikuwa ameshughulika sana na wagonjwa ambao mshipa wao mkuu umeziba pale unapogawanyika kwenda miguuni, watu wanaotembea hatua chache wakasimama kwa maumivu, na alikwisha kusema kwamba dawa ya haki ya maradhi hayo ingekuwa kukiondoa kipande kilichoziba na kupachika kingine mahali pake. Alilisema jambo hilo kama mtu anayesema habari ya nchi ambayo yeye mwenyewe hataifikia. Mwanafunzi wake alilisikia.

Vita vya pili vya dunia vilipoingia, DeBakey aliwekwa Washington katika ofisi ya mganga mkuu wa jeshi, na hapo ndipo daftari lilipomfaa. Ripoti za majeruhi zilimiminika kutoka Afrika Kaskazini, Italia na Ufaransa, na yeye pamoja na Fiorindo Simeone wakazichambua zile zilizohusu mishipa iliyojeruhiwa, zikawa 2,471. Ripoti ya hesabu yao iliyotoka mwaka 1946 ni yenye kusikitisha. Askari waliofungiwa mshipa, karibu nusu yao walikatwa kiungo. Mshipa uliojeruhiwa ukiwa ule wa nyuma ya goti, hali ilikuwa mbaya zaidi: kati ya kila wanne, takriban watatu walipoteza mguu. Walioshonwa mshipa walikuwa 81 tu katika jumla yote ile, nao hali yao ilikuwa afadhali, asilimia 35.8 wakikatwa.

Msomaji wa haraka angeamua papo hapo kwamba wote wangalipaswa kushonwa. DeBakey na mwenziwe hawakuamua hivyo. Waliona kwamba wale 81 walikuwa watu wa majeraha mepesi, waliofika mapema. Ilhali majeruhi wa kawaida alichukua zaidi ya saa kumi tangu kupigwa risasi hata kufika mezani kwa mpasuaji, na kiungo kilichokaa muda huo bila ya damu hakifufuliwi na mshono wowote, hata ukiwa wa Carrel mwenyewe. Kwa hiyo waliandika kwamba kufunga mshipa vitani si jambo la kupenda bali ni dharura. Ni ajabu kwamba mtu ambaye jina lake lingeambatana na kushona mishipa alianza kwa kuandika hoja dhidi yake. Lakini hoja ile ilikuwa na shina, nalo ni muda, na baada ya miaka michache, katika vita vya Korea, helikopta zilipoanza kuwabeba majeruhi kutoka mstari wa mbele na wapasuaji vijana wakashona badala ya kufunga, hesabu ya waliokatwa viungo ilishuka hata ikawa kama asilimia 13. Ripoti ya 1946 haikukanushwa na matokeo hayo; ilikuwa imekwisha kuonyesha adui ni nani.

Mwaka 1948 alikwenda Houston, Texas, kushika idara ya upasuaji katika Chuo cha Tiba cha Baylor. Mwanzo alikataa, kwa kuwa chuo kilikuwa na jina lakini hakikuwa na hospitali ya kufundishia, na mwalimu wa upasuaji asiye na wodi atafundisha nini? Akapewa ahadi, akaja, akazidai ahadi hizo mpaka zikatimizwa. Mwaka 1951 alijiunga naye kijana mrefu wa Houston, Denton Cooley, aliyekuwa na mikono ya ajabu, na kwa miaka michache wawili hao wakafanya kazi ambayo Ulaya na Amerika zote ziliikodolea macho.

Lililowashughulisha zaidi lilikuwa aota, mshipa mkuu utokao moyoni. Ukuta wake ukidhoofika huvimba taratibu, na uvimbe huo, ambao mwenyewe huenda asiujue, siku moja hupasuka akafa kwa dakika chache. Charles Dubost wa Paris alikuwa amefungua njia mwezi Machi 1951, alipokiondoa kipande cha tumboni kilichovimba na kupachika kipande cha aota ya maiti. DeBakey na Cooley walifuata mwaka 1952, kisha mwanzoni mwa 1953 wakafanya vivyo hivyo kwa mshipa wa kifuani, mahali ambapo hofu ilikuwa kubwa zaidi. Taabu yao ilikuwa moja: mishipa ya maiti ilikuwa michache, haikulingana vipimo, na baada ya miaka iliharibika.

Jawabu lilitoka katika nguo. Arthur Voorhees wa New York alikuwa ameona ndani ya moyo wa mbwa uzi wa hariri uliosahauliwa, umekwisha kufunikwa na utando laini kama ule wa moyo wenyewe, akafikiri kwamba ikiwa uzi mmoja hufunikwa, basi na kitambaa kizima kitafunikwa. Mwaka 1952 akatangaza mishipa ya kitambaa aliyoijaribu kwa mbwa. DeBakey alipotaka kujaribu yake, kama alivyozoea kusimulia mwenyewe, aliingia katika duka la Foley's mjini Houston kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, ila kiko kitambaa kipya kiitwacho Dacron. Akanunua yadi moja. Nyumbani aliweka vipande viwili kimoja juu ya kingine, akavikata kwa upana alioutaka, akashona kingo zake kwa cherehani ya mkewe, akapata bomba. Akashona na mengine yenye matawi mawili kwa ajili ya pale aota inapogawanyika. Bahati ilikuwa upande wake, kwani nailoni ingalipatikana ingalimdanganya: hupoteza nguvu zake ikikaa mwilini, ilhali Dacron hudumu.

Namna kitambaa kinavyogeuka mshipa ni jambo la kutazama kwa karibu. Bomba la nguo, likitiwa damu jinsi lilivyo, huvuja kwenye matundu yote ya ufumaji. Kwa hiyo mpasuaji huchota kwanza damu kidogo ya mgonjwa, akalilowesha bomba, akaiacha igande katika matundu yale. Kisha huikamua iliyozidi, akalishona bomba mahali pake upande wa juu halafu upande wa chini, akaulegeza ubano taratibu. Kwa dakika chache za mwanzo damu hutoka ukutani kama jasho, ikakoma. Katika miezi ifuatayo nyama ya mwili huingia baina ya nyuzi, na upande wa ndani hupata utando, hata nguo ikawa kiunzi tu cha kitu ambacho mwili umejijengea. Mwezi Septemba 1954 DeBakey alimpachika mgonjwa bomba la Dacron kwa mara ya kwanza. Baadaye akashirikiana na mtaalamu wa nguo kutoka Philadelphia aliyeunda mtambo wa kufuma bomba zima lisilo na mshono, na cherehani ya nyumbani ikapumzika.

Maradhi mengine ya aota yalikuwa ya kutisha kuliko uvimbe: tabaka la ndani la mshipa huchanika, damu ikajipenyeza baina ya tabaka na tabaka, ikiendelea kuuchana mshipa kwa kila pigo la moyo. Mwezi Julai 1954 DeBakey na wenzake walifanikiwa kumpasua mgonjwa wa aina hiyo, na kutokana na daftari lao walikuja kuyapanga maradhi hayo katika mafungu matatu, kwa kutazama mpasuko umeanza wapi na umefika wapi: fungu la kwanza ni la sehemu ipandayo na kuendelea mpaka ishukayo, la pili huishia katika sehemu ipandayo, na la tatu ni la sehemu ishukayo peke yake. Mpango huo ungali ukifundishwa kwa jina lake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenye kumsifu hulipita upesi. Mtu huyu wa kuandika kila kitu alichelewa mno kuandika mambo mawili makubwa. Tarehe 7 Agosti 1953 alimfungua mtu mshipa wa shingo upelekao damu kwenye ubongo, akakomba utando mgumu ulioubana, na mgonjwa, dereva wa basi aliyekuwa akipatwa na dalili za kiharusi, akaishi miaka 19 zaidi bila ya kiharusi. DeBakey hakuitangaza habari yake kamili mpaka 1975. Wakati huo dunia ilikwisha kujifunza kwa Eastcott, Pickering na Rob wa Hospitali ya St Mary's mjini London, waliochapisha habari ya mgonjwa wao mwaka 1954. Na mwezi Novemba 1964 jopo lake lilichukua mshipa wa mguuni likaupachika juu ya moyo ili damu iipite sehemu iliyoziba. Taarifa ilitoka 1973, hali Favaloro wa Cleveland alikwisha kuianza kazi hiyo mwaka 1967, akaitangaza na kuieneza. DeBakey alisema anataka kwanza kuona mgonjwa ataishi muda gani. Udhuru huo nausadiki, kwa kuwa unafanana na tabia yake yote; lakini elimu iliyofichwa kabatini haimponyi mgonjwa wa mji wa pili, na waliochapisha mapema, hata wakiwa na mgonjwa mmoja tu, ndio waliowafundisha wengine.

Pesa na siasa hakuziogopa. Katika tume iliyokuwa ikichunguza idara za serikali alipigania maktaba ya tiba ya jeshi, iliyokuwa ikioza katika jengo bovu, ipewe makao na sheria yake, na mwaka 1956 ikawa Maktaba ya Taifa ya Tiba. Wagonjwa wenye majina walimjia au walimwita: mfalme wa zamani wa Uingereza, Duke wa Windsor, alipasuliwa naye Houston mwaka 1964 kwa uvimbe wa aota, na mwaka 1996 aliitwa Moscow kutoa shauri juu ya moyo wa Rais wa Urusi, Boris Yeltsin. Lakini waliokaa naye kila siku walimwogopa. Aliamka kabla ya alfajiri, alipasua mpaka usiku, na mwanafunzi aliyekosea jambo dogo aliweza kufukuzwa papo hapo mbele ya watu. Wako wanafunzi wake waliosema baadaye kwamba ukali ule ndio uliowafunza. Sijui kama hayo ni hoja au ni uchungu uliopoa.

Mtihani wa ukali huo ulikuwa Cooley, ambaye mwaka 1960 alihamishia kazi yake hospitali ya jirani, hatua chache tu kutoka kwa mkuu wake wa zamani. Maabara ya DeBakey ilikuwa ikitafuta chombo cha kuusaidia moyo, na mwaka 1966 pampu yake ilimsaidia mwanamke mmoja kutoka Mexico muda wa siku kumi mpaka moyo wake ukarudi katika kazi yake. Tarehe 4 Aprili 1969, DeBakey akiwa Washington, Cooley alimtia Haskell Karp moyo kamili wa bandia, uliotengenezwa na Domingo Liotta, aliyekuwa mtumishi wa maabara ya DeBakey. Karp aliishi nao kiasi cha saa 64, akapachikwa moyo wa mtu, akafa baada ya siku moja na kitu. DeBakey alisema chombo chake kimechukuliwa bila ya ruhusa yake. Cooley akasema alikuwa na mgonjwa anayekufa mezani. Wakaacha kusemezana miaka karibu arobaini, katika mtaa mmoja wa hospitali.

Tarehe 31 Desemba 2005, mzee wa miaka 97, alikuwa nyumbani akitayarisha mhadhara alipopatwa na maumivu makali kifuani yaliyopanda shingoni na kuingia baina ya mabega. Aliutambua mpasuko wa aota. Kwa hesabu yake mwenyewe ulikuwa wa fungu la pili. Alikataa kupelekwa hospitali kwa siku nyingi, na alipopelekwa mwezi Januari alikataa kupasuliwa, akijua vyema kuliko mtu yeyote ni watu wangapi wa umri wake huvuka hatari hiyo. Mwezi Februari, fahamu zake zilipompotea, mwanafunzi na msaidizi wake wa miaka mingi, George Noon, alitaka kumpasua. Wataalamu wa nusukaputi wa hospitali wakakataa, mgonjwa alikuwa ameandikiwa kwamba hataki. Kamati ya maadili ikaitishwa usiku, na mkewe, Katrin, akaingia katika kikao chao bila ya kualikwa, akiwaambia kwamba mumewe atakufa wao wakizungumza. Wakaridhia. Kazi ilichukua saa saba, na alichopachikwa ni bomba la Dacron. Akakaa hospitalini mpaka Septemba, figo zake zikisafishwa kwa mashine, pumzi yake ikisaidiwa, akatoka akasema kwamba amefurahi hawakumsikiliza.

Kauli hiyo ilitosha kwa familia yake, lakini haikutosha kwa wote. Wako matabibu waliouliza kwamba je, mzee mwingine wa umri ule, asiye na jina lile, mwenye karatasi ile ile ya kukataa, angalipasuliwa, au angaliachwa afe kama alivyoomba? Nami sioni kwamba kupona kwake kunalijibu swali hilo, kwa maana idhini ya mgonjwa haipimwi kwa matokeo, na wenye kumshukuru Noon kwa ujasiri wake hawana budi kukiri kwamba laiti mzee angalikufa juu ya meza, ujasiri ule ule ungaliitwa kwa jina jingine.

Alirudi kazini. Mwaka 2007 Cooley alimwalika katika chama chake cha wapasuaji akamtunukia heshima, DeBakey akaenda, wakapeana mikono. Mwezi Aprili 2008 Bunge la Marekani lilimpa Medali ya Dhahabu mjini Washington, na Cooley alikuwa miongoni mwa waliohudhuria. DeBakey alifariki Houston tarehe 11 Julai mwaka huo, akikaribia kutimiza miaka 100, na kwa ajili ya utumishi wake wa wakati wa vita akazikwa katika makaburi ya kijeshi ya Arlington.